Safari ya Gharama Nafuu Komoro: Ni Nani Aliyelipa?

Mama mwenyeji wangu alizikunja zile noti mara mbili, akazirudisha katika kiganja changu, kisha akakifumba kiganja hicho kwa mikono yake yote miwili na kukishikilia. Ilikuwa alfajiri, katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Mwali. Gari la kwenda Fomboni, mji mkuu wa kisiwa hicho, lilikuwa limekwisha kupiga honi barabarani, begi langu lilikuwa mgongoni, na uani kulikuwa bado na harufu ya karafuu tulizozichambua usiku. Nilijaribu kumweleza kwamba fedha zile nilizitenga tangu nyumbani kwa ajili ya malazi, na kwamba nisipompa yeye ningempa mwenye gesti. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba mwenye gesti nitampa siku nitakapolala kwake.

Nikapanda gari.

Jioni yake nilifungua daftari nililokuwa nikiandikia matumizi ya kila siku, na kwenye mstari wa malazi nikaandika sifuri, kama nilivyokuwa nimeandika jana yake na juzi yake. Nimerudi Dar es Salaam wiki kadhaa sasa, na sifuri zile hazijaniacha. Nimeanza kuandika makala hii mara nyingi na kuiacha kila nilipofika mahali ambapo msomaji angetarajia jumla ya matumizi.

Swali linaloulizwa kwanza

Kila anayesikia kwamba nilizunguka visiwa vitatu vya Komoro na begi moja huniuliza bei kabla ya jambo jingine lolote, nami simlaumu. Wengi wetu tuna hamu ya kuziona nchi za jirani lakini kipato hakituruhusu, na habari nyingi za usafiri zinazotufikia zimeandikwa na watu ambao fedha zao zina nguvu, kiasi kwamba kile wanachokiita nafuu kwetu ni kodi ya chumba ya mwezi mzima. Mtu wa Tanga, wa Mombasa au wa Bujumbura akifanikiwa kusafiri kwa kipato cha kawaida, hesabu yake ina manufaa ya kweli kwa wenzake.

Hesabu ninayo, na jumla yake ni ndogo mno. Kinachonikwamisha ni kwamba inaonyesha fedha zilizotoka mfukoni mwangu tu.

Komoro kwa kweli si nchi rahisi. Mchele, mafuta ya magari na hata mabawa ya kuku yanayochomwa kando ya barabara jioni huja kwa meli kutoka mbali. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, ambayo hubadilishwa kwa faranga 491.97, kwa hiyo shilingi yetu ikishuka mbele ya euro, Moroni, mji mkuu wa Komoro, nayo inapanda bei kwetu. Vyumba vya kulala wageni mjini vimewekwa kwa viwango vya maofisa, wafanyakazi wa mashirika, na Wakomoro wanaorudi likizo kutoka Ufaransa. Mgeni anayelipa kila kitu kwa bei yake hawezi kutoka pale na hesabu kama yangu. Ilikuwa ndogo kwa sababu watu wengine walibeba sehemu kubwa yake.

Namna mlango ulivyofunguka

Safari ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija, ni chini ya saa mbili. Pembeni yangu aliketi mama wa makamo, mfanyabiashara anayekuja Kariakoo kununua vitambaa, vyombo na nguo za watoto, na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kabisa, cha haraka na chenye uhakika. Aliniuliza nitafikia wapi. Nilipomjibu kwamba nitatafuta gesti ya bei ya chini, aliguna, na tulipotua alipiga simu mbili kabla hata mabegi hayajatoka. Mpaka tunaachana nje ya uwanja nilikuwa na nyumba ya kulala Ngazija, nyumba ya kulala Mwali, na jina la mzee mmoja wa Domoni, kisiwani Nzuani, ambaye niliambiwa kwamba atafurahi kuzungumza na mtu kutoka kwetu.

Sikuomba chochote kati ya hivyo. Hata hivyo nilivipokea, na nilipovipokea nilifurahi zaidi kwa kuona kwamba bajeti yangu imeokoka kuliko kwa kuona kwamba nimekaribishwa. Nalitaja hili kwa sababu ndipo mawazo yangu yalipoanzia, na sikukaa hapo.

Maji ya Ngazija

Kisiwa cha Ngazija ni kichanga kwa umri wa miamba. Mlima wake, Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ungali hai, na mawe yake yana matundu mengi kiasi kwamba mvua ikinyesha maji huzama chini mara moja. Mto wa kudumu hakuna. Kwa hiyo nyumba nyingi za vijijini huishi kwa maji ya mvua, yanayokingwa kutoka bati la paa na kuhifadhiwa katika birika la saruji. Karthala ulipolipuka mwaka 2005, majivu yalichafua mabirika hayo, na watu waliokuwa na maji mlangoni wakawa hawana maji ya kunywa. Katika msimu wa kusi, mvua inapopungua, birika hushuka siku hadi siku, na likiisha maji hununuliwa kwa lori.

Nilifika mwishoni mwa kusi. Kila jioni binti wa nyumba aliteremsha ndoo kwa kamba, na kwa muda ambao kamba iliendelea kushuka, na kwa namna ndoo ilivyogonga chini, hata mgeni aliweza kukisia maji yamebaki kiasi gani. Ndoo ya kwanza ilikuwa yangu. Iliwekwa mlango wa bafu, na kata juu yake, na sabuni mpya pembeni.

Daftari langu halina mstari wa maji ya kuoga.

Wala halina mstari wa godoro lililoondolewa chini ya watoto, wala wa samaki aliyenunuliwa kwa sababu yangu siku ambayo wenye nyumba wangekula ndizi mbichi za nazi na majani ya muhogo, chakula ambacho mimi binafsi ningekifurahia zaidi. Nilianza kuzitazama siku zangu kwa namna nyingine. Kila kitu nilichokiandika kuwa bure kilikuwa na bei kamili, tena bei ya nchi ya kisiwa, na kilikuwa kimelipiwa na watu wenye kipato kidogo kuliko changu.

Heshima inayopatikana kwa kutoa

Huwezi kukaa Ngazija bila kuelezwa habari za anda, ile harusi kubwa ambayo mwanamume anatakiwa kuifanya kijijini kwake ili ahesabiwe miongoni mwa watu wazima wenye kauli. Mwezi wa Julai na Agosti ndio msimu wake, wakati ndege zinapojaa wale ambao mtaani huitwa *je viens*, yaani Wakomoro waliotoka Marseille na miji mingine ya Ufaransa. Msimu ulikuwa unamalizika nilipofika, lakini mabanda yalikuwa hayajabomolewa na mazungumzo yote yalikuwa ya nani alitoa nini. Dhahabu kwa bibi harusi, ng'ombe, mchele wa kulisha kijiji, fedha kwa wazee wa rika, fedha kwa mji. Gharama hizo huweza kumaliza akiba ya miaka mingi ya mtu aliyefanya kazi ngumu ughaibuni. Asiyefanya anda anaweza kuwa daktari au mkurugenzi, lakini katika uwanja wa kijiji, bangwe, wako wanaokaa mbele yake na wanaosema kabla yake.

Nilikwenda nikiwa na maoni yangu tayari, nayo hayakuwa mazuri. Wapo Wakomoro wengi wanaoipinga desturi hii kwa hoja nzito, na Ali Soilihi, aliyetawala katika miaka ya mwanzo baada ya uhuru wa 1975, aliipiga marufuku kabisa. Alipopinduliwa mwaka 1978 ilirudi. Bado naamini kwamba kumlazimisha mtu kutumia akiba yake yote ili asikilizwe ni kumwonea, na kwamba anayeumia zaidi ni yule asiye na ndugu nje ya nchi.

Lakini mama mwenyeji wangu wa Ngazija aliniambia jambo lililonifanya ninyamaze. Alinitembeza barabara ya kijiji, akanionyesha sehemu iliyowekwa lami, kisha darasa, kisha ukuta wa msikiti, na kila tulipofika alitaja harusi ya nani ilichangia. Halafu akanionyesha nyumba yake mwenyewe, ambayo baba yake na wajomba zake walimjengea kabla hajaolewa, kwa kuwa Ngazija mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, na nyumba hubaki mikononi mwa wanawake kizazi hadi kizazi. Kila kitu nilichokiona kilikuwa kimetolewa na mtu ambaye jina lake linajulikana.

Basi mimi niliingia katika kijiji hicho nikiwa na ustadi wangu mkubwa wa kutumia fedha kidogo iwezekanavyo. Katika nchi yangu ustadi huo unasifiwa, na nimeusifu mwenyewe katika makala zilizopita. Pale haukuwa na mahali pa kukaa. Mtu hujulikana kwa alichotoa, na mgeni asiyetoa huvumiliwa kwa sababu ni mgeni, kama mtoto anavyovumiliwa.

Nilianza kuona haya ya daftari langu. Nilikuwa nikiliandikia chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Chindini

Kutoka Ngazija kwenda Mwali kuna ndege ndogo, na kuna boti za faiba zinazoondoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija, na kufika Hoani upande wa pili. Tofauti ya nauli ni kubwa. Mkondo uliopo katikati, wa kilomita kama 40, una sifa mbaya wakati wa kusi, na ajali zimekuwa nyingi kiasi kwamba hakuna familia niliyozungumza nayo isiyokuwa na kisa. Mama mwenyeji alinisihi nipande ndege. Nilimwambia kwamba nitakwenda Chindini, nitaitazama bahari, na ikiwa imechafuka nitarudi.

Tulisubiri pwani tangu kabla ya jua kuchomoza. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kujidanganya. Nahodha na vijana wake walikaa juu ya mawe meusi wakitazama maji kwa muda mrefu, wakabishana, wakanyamaza, wakatazama tena. Majina yetu yaliandikwa. Kulikuwa na wanawake wenye magunia ya bidhaa, wanafunzi, mzee aliyekuwa anarudi kwao kutoka hospitali huku mwanawe amemshika kiwiko. Hatimaye bahari ilionekana kutulia, tukaingia majini hadi kiunoni na kupandishwa.

Jaketi za kujiokolea zilikuwepo kwa kila mtu, lakini hazikuwa sawa. Nyingi zilikuwa zimechoka, mikanda imekatika na kufungwa kwa kamba. Moja ilikuwa mpya, na kijana wa boti alipita nayo juu ya vichwa vya watu mpaka kwangu.

Nilimpa mwanamke aliyekaa kando yangu, aliyempakata mtoto. Alikataa. Nilisisitiza, akakataa tena, na mara hii aliivuta mikanda yenyewe na kunifunga kifuani, akisema kwamba mimi ni mgeni na wao bahari hii ni yao. Boti ikaondoka.

Sina namna ya kueleza saa zile bila kutaja kwamba niliogopa sana. Lakini hofu ya maji ilipita tulipoiona Hoani, na iliyobaki ilikuwa nyingine. Wale wote waliokuwa ndani ya boti walipanda kwa sababu nauli ya ndege haiwezekani kwao. Mimi nilikuwa nayo, imekunjwa katika mfuko wa ndani wa begi. Nilipanda ili kuokoa fedha ambazo zingefanya jumla yangu ipendeze, na kwa kupanda kwangu nilichukua jaketi bora kuliko zote, ambayo siku nyingine huenda ingefungwa kifuani kwa mtu asiye na uchaguzi.

Fadhila nyingine zote nilizopewa Komoro naweza kufikiria njia ya kuzilipa. Hii siwezi.

Jembe la mgeni

Mwali ndicho kisiwa kidogo kuliko vyote na ndicho kilichonipa utulivu mkubwa zaidi. Kuna vijito vinavyotiririka mwaka mzima. Kuna hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2001, ya kwanza Komoro, na mwaka 2020 UNESCO ilikitambua kisiwa kizima kuwa hifadhi ya viumbe hai. Popo wakubwa wa Livingstone, ambao huishi Mwali na Nzuani tu duniani kote, huonekana jioni wakipaa polepole juu ya miti mirefu. Itsamia nilikwenda usiku kuwaona kasa wakipanda ufukweni kutaga, nikiongozwa na vijana wa kijiji wanaowalinda, na hapo nililipa ada yao kwa furaha isiyo ya kawaida. Ilikuwa nafuu kubwa kukutana na mtu aliye tayari kuipokea fedha yangu.

Katika nyumba niliyofikia sikuwa na bahati hiyo. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; siku zile mbili zilipopita nikalidai jembe langu. Ilikuwa karafuu zimeanza kuiva. Nilipewa mkeka, nikakaa na wanawake wa nyumba na majirani, tukachambua, tukitenga karafuu na vikonyo, mpaka vidole vikawa vyeusi na kunata. Walizungumza Kimwali, nami Kiswahili, na pale tulipopotezana mtoto wa shule alitutafsiria kwa Kifaransa chake na changu cha kuunga.

Usiku ule nilidhani nimepata suluhisho: mgeni atalipa kwa kazi. Nililala vizuri. Lakini kulipopambazuka niliona kwamba wenzangu wanne wamechambua kila mmoja maradufu ya fungu langu, na kwamba walikuwa wameacha sehemu ya kazi ya kesho ili wanipe nafasi ya kukaa nao. Hata jembe nililolidai lilikuwa ni takrima.

Mzee wa Domoni

Nilifika Nzuani kwa ndege. Mutsamudu, pamoja na vichochoro vyake na ngome yake juu ya mji, unastahili makala yake peke yake, na nitaiandika. Hapa nataka kufika Domoni, pwani ya mashariki, kwa yule mzee niliyepewa jina lake uwanja wa ndege.

Alinipokea barazani akiwa amevaa kanzu na kofia ya kutarizi, na Kiswahili alichokisema kilikuwa cha Unguja, cha watu wa zamani, ambacho mimi mwenyewe hukisikia kwa nadra. Alikwenda Unguja kusoma akiwa kijana, kabla ya Mapinduzi. Alikaa miaka kwa familia ambayo haikuwa na undugu naye isipokuwa kwamba babu wa nyumba ile aliwahi kupokelewa Domoni alipokuwa baharia. Hawakumtoza chochote. Walimvisha, wakamlisha, na alipougua walimuuguza.

Alinikumbusha mambo ambayo nilikuwa nayajua vipande vipande bila kuyaunganisha. Sayyid Ahmad bin Sumayt, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa kadhi Unguja na kufariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija, Itsandra. Chama cha MOLINACO, kilichodai uhuru wa Komoro katika miaka ya 1960, kiliendesha harakati zake kutokea Dar es Salaam. Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania na wa Sudan walishuka Nzuani pamoja na jeshi la Komoro na kumwondoa Mohamed Bacar, aliyekuwa akikitawala kisiwa kwa kuiasi serikali kuu, na mzee aliwataja askari wetu kama mtu anavyowataja watoto wa dada yake. Alitaja pia, kwa sauti ileile, kwamba baada ya 1964 Wangazija wengi wa Unguja walipoteza nafasi zao, na kwamba baadhi ya waliokuwa jirani zake waliondoka na mikoba tu. Hakutaka niombe radhi kwa hilo. Alitaka nijue kwamba analikumbuka pamoja na mengine.

Nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa kifuani tangu Mwali: nifanye nini na fedha ambazo watu wanazikataa?

Alifikiri. Kisha akaniambia kwamba fedha zile zilikataliwa kwa sababu zilikuwa zinajaribu kufunga hesabu, na hesabu hii haikufunguliwa na mimi. Mama wa Mwali alikuwa na dada anayelala kwa watu Kariakoo kila anapokuja kununua bidhaa. Mama wa Ngazija alikuwa na mtoto aliyetibiwa Dar es Salaam, akalazwa muda mrefu, na majirani wa hospitali wakampikia. Mimi nilipewa kitanda kwa sababu ya watu nisiowajua, waliokuwa wakarimu katika mji wangu bila kuniambia.

Sikuwa na neno. Nilikuwa nimejihesabu muda wote kuwa mdeni wa wenyeji wangu, kumbe nilikuwa nimekula akiba ya jirani zangu pia.

Kilomita 70

Domoni inatazama upande wa Maore, yaani Mayotte, kisiwa ambacho wenyeji wake walipiga kura kubaki na Ufaransa wakati visiwa vingine vitatu vilipochagua uhuru, na ambacho tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Umbali kutoka Nzuani ni kilomita 70 hivi. Hadi mwanzoni mwa 1995 watu walikwenda na kurudi kama walivyopenda: kuolewa, kuzika, kuuza machungwa. Kisha ikaja sharti la viza, na tangu hapo wanaovuka huvuka usiku, katika boti za faiba za aina ileile niliyoipanda Chindini. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya watu kati ya 7,000 na 10,000 waliokuwa wamekufa katika mkondo ule tangu 1995. Wanaofika hukamatwa na kurudishwa kwa maelfu kila mwaka, na wengi wao hujaribu tena.

Kijana mmoja wa mtaa wa mzee, aliyewahi kurudishwa, aliniuliza nilivyofika Mwali. Nilimwambia kwa boti. Akaniuliza kama ndege zilikuwa zimesitishwa. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nilikuwa na mgonjwa. Nikasema hapana. Alinitazama akingoja sababu, na mimi sikuwa na sababu ambayo ingeweza kusemwa mbele yake.

Hatukuendelea na mazungumzo hayo.

Nimeyafikiria kuliko yote. Usafiri wa begi na bajeti ndogo umejengwa juu ya wazo kwamba kuvumilia dhiki kidogo humfikisha mtu karibu na maisha halisi ya wenyeji. Sidhani tena hivyo. Dhiki ninayoweza kuiacha wakati wowote haifanani na ile isiyoachika, hata kama tunaloa maji yaleyale, na kuichagua ile ya kwanza hakunipi haki ya kusema kwamba naijua ya pili.

Ninachokusudia kufanya

Sitachapisha jumla ya matumizi yangu. Atakayeitumia atadhani kwamba Komoro inazungukika kwa kiasi kile, na atakapofika atalazimika ama kukwama ama kutegemea kukaribishwa, na kutegemea kukaribishwa ni jambo baya zaidi kuliko kukwama. Panga safari kwa kuhesabu vyumba vya kulipia usiku wote, chakula chote, na ndege kati ya visiwa ikiwa ni msimu wa kusi. Ukiona jumla ni kubwa, chagua kisiwa kimoja badala ya vitatu. Mwali peke yake inatosha. Beba fedha taslimu, kwa kuwa huwezi kutegemea kadi nje ya Moroni. Ukikaribishwa, kubali, na fedha uliyoiokoa usiirudishe nyumbani: wako waongozaji wa kasa, wako wanawake wanaouza mafuta ya mlangilangi yaliyokenekwa kijijini, kuna chama cha kijiji chenye mweka hazina wake anayechangisha kwa ajili ya birika la shule, naye atakuandikia jina lako na kiasi chako bila kusita.

Kwa upande wangu, yule mama mfanyabiashara sasa hulala kwangu anapokuja Dar es Salaam. Chumba ni kidogo na magunia yake huziba korido. Mwezi uliopita alikuja na mpwa wake aliyehitaji kuonana na daktari wa macho, na wakakaa zaidi ya tulivyotarajia. Kuna jioni nilichoka, na nikamkumbuka binti wa Ngazija aliyekuwa akishusha ndoo kila jioni kwa ajili yangu, nikajiuliza kama naye alikuwa amechoka. Bila shaka alikuwa amechoka. Sikuwahi kuliona hilo usoni mwake, na sijui kama mpwa yule hakuliona usoni mwangu.

Limebaki jambo moja ambalo sijaliamua vizuri. Kuandika habari za nyumba zilizonipokea ni kuwaonyesha watu njia ya kuzifikia, na miongoni mwa wasomaji wa makala za usafiri tupo wengi tunaotafuta hasa mahali pa kulala bila kulipa. Mama wa Mwali hatamkataa hata mmoja. Ataondoa godoro chini ya watoto kila mara, mpaka litakapokuja kundi la watu ambalo halina mtu yeyote Kariakoo aliyewahi kumkaribisha dada yake. Nilimpigia simu kumuuliza kama niandike jina la kijiji. Alisema niandike, na waje. Nimelifikiria jibu lake kwa heshima yote, na jina sikuliandika.